Ukoo Namba Saba

Niligundua saa nne asubuhi, kikombe cha chai mkononi, na chai yenyewe sikuinywa tena.

Kazi yangu ni kuratibu bustani tano za mimea zinazotunza aina moja ya mti adimu. Miti mama iliyowahi kupatikana porini ni kumi na miwili tu, na watoto wa kila mama tunawaita ukoo. Mama wa ukoo namba saba aliangushwa na wachimba kokoto miaka sita iliyopita. Waliobaki ni wanawe, kwenye vyungu vyetu, basi.

Kanuni ni rahisi. Kitalu kikijaa, bustani inaruhusiwa kuchoma, kwa hofu ya ugonjwa, ukoo ambao jedwali langu linaonyesha upo kwenye bustani nyingine tatu. Mwezi huo vitalu vyote vilijaa. Bustani ya kwanza iliniuliza kuhusu saba, nikajibu watoe, wenzao wanne wanao. Ya pili ikauliza, nikajibu vilevile. Jedwali huwa nalirekebisha Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mimi na utaratibu wangu ninaojivunia. Ijumaa hiyo nikahesabu ruhusa nilizotoa za saba. Zilikuwa tano.

Nikapiga simu ya kwanza: wameshachoma. Ya pili na ya tatu, wameshachoma. Msimamizi wa nne alinisomea barua yangu neno kwa neno, kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kama angenifokea.

Ikabaki bustani ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye familia nzima inamwita Baadaye. Umtume leo, atakwenda mwezi ujao. Wiki mbili nyuma nilimsema mezani, mbele ya mama mkwe, kwamba uzembe wake utaimaliza miti kabla ya ugonjwa. Alitazama sahani yake tu. Sasa nilikuwa naomba kwa moyo wote awe mzembe yuleyule.

"Shem, safari hii huna la kunisema," alisema kwa furaha. "Barua yako imefika jana, saa haijaisha nimeshatoa miche yote."

Nilimuuliza kama amechoma.

"Kuchoma... nilisema nitachoma baadaye."

Sijui niliendeshaje gari. Nilimkuta kwenye shimo la mboji, shati limelowa jasho, anapekua takataka za bustani kwa mikono. Nilikuwa nimemweleza yote kwenye simu, na uso wake ulikuwa umesawajika. Nikapiga magoti kando yake. Miche saba ilikuwa imelala juani tangu jana, mizizi nje. Tulikwangua magome kwa kucha, mmoja baada ya mwingine, na ndani kulikuwa na rangi ya kahawia. Wa sita, kahawia. Nikaanza kulia bila kujificha.

Wa saba ulikuwa na kijani chini kwenye shina, urefu wa kidole.

Aliubeba hadi kibandani kwenye kitambaa chenye maji. Akaosha kisu, akakifuta, akakinoa, akakiosha tena. Kipande kile kingetoa vipandikizi viwili vya kuotesha upya, na mkato mmoja mbaya ungetuacha bila kitu. Nikafungua mdomo.

"Shem," alisema bila kugeuka, "leo usiniharakishe."

Nikakaa juu ya ndoo, nikabana mikono katikati ya magoti, nikamwacha achelewe.