Dozi ya Bwana Mifugo

Gadiel alistaafu ubwana mifugo akiwa ametibu ng'ombe wa nusu ya Umeru, na kwa maoni yake mwenyewe hapakuwa na kiumbe chenye damu ambacho kingemshinda. Ndiyo maana mkewe Elinipa alipoambiwa kuwa tezi ya shingoni mwake imezembea, haitoi homoni ya kutosha, Gadiel alimwonea huruma daktari kwanza, mkewe baadaye.

Daktari huyo, Bhavna, mwenye kliniki Kimandolu, alimwandikia Elinipa kidonge kimoja kila asubuhi, anywe kwa maji kabla ya kula chochote, kisha arudi baada ya wiki sita apimwe damu. Elinipa alitii yote isipokuwa maji. Asubuhi za Tengeru zina baridi, na tangu augue alikuwa akilala na soksi. Kidonge alikimeza kwa chai ya maziwa.

Wiki zikapita, uchovu ukabaki palepale. Alisinzia akimenya ndizi, akasinzia kwenye mazoezi ya kwaya, akasinzia akimsikiliza Gadiel, jambo ambalo wengine walilifanya bila ugonjwa wowote.

Siku ya kurudi kliniki ilipokaribia, Gadiel alisema hakuna haja ya kusumbua watu, kosa lilikuwa linaonekana wazi: dawa hutolewa kwa uzito. Akaleta utepe aliokuwa akipimia vifua vya ng'ombe, akamzungushia mkewe juu ya sweta, akapiga hesabu kichwani na kutangaza vidonge viwili. Elinipa aliuliza kama utepe ule haukuwa wa ng'ombe. Akajibiwa kwamba sentimita ni sentimita. Tena chai aache, kwani maziwa huzuia dawa. Hilo Gadiel alilitoa kama ufunuo wake.

Basi, miujiza ikatokea. Elinipa alipalilia kahawa, akafua mablanketi, akavua sweta. Gadiel alizunguka sokoni akipokea pongezi, na kwa kuwa ukarimu ni tabia yake, akamshauri jirani yao Lerionka kuhusu presha bila kuombwa.

Kisha miujiza ikazidi. Elinipa hakupata usingizi. Mikono ilimtetemeka hadi uji ukamwagika. Julai, ukungu umeufunika mlima na usharika mzima umejikunyata, yeye alijipepea kwa kitabu cha nyimbo. Gadiel aliita hali hiyo nguvu. Joyce, kiongozi wa kwaya, aliona wenzake wako ubeti wa pili, Elinipa anamaliza wa tatu.

Jumapili moja, katikati ya wimbo, moyo ulimwenda mbio hadi akakaa chini. Hakumngoja mumewe aeleze. Alimwomba Joyce ampeleke hospitali. Gadiel naye akapanda gari, kwenda kuwasaidia madaktari.

Walimpima moyo na damu, wakamlaza mpaka mapigo yakatulia. Kesho yake Daktari Bhavna alikuja kumwona, naye Gadiel akamsimulia habari za utepe kuanzia mwanzo. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ambayo simulizi lile halikuistahili.

"Mzee," alisema, "huenda kidonge kimoja kilimtosha. Chai ndiyo ilikizuia. Ulipoiondoa chai ungesubiri tupime damu. Uzito hutusaidia kuanza tu, halafu damu ndiyo inayoamua. Moyo wake ungeweza kushindwa."

 Gadiel alikuwa ameona mishale ya mapigo ya moyo wa mkewe kwenye karatasi ya kipimo, na safari yote ya kurudi alikaa kimya, kitu ambacho Joyce hakujua kama kinawezekana.

Nyumbani alimsaidia Elinipa kuvua viatu, akasema alitaka tu arudi kuwa yule yule wa zamani.

"Najua, Baba Nelson," Elinipa alimjibu. "Lakini usinipime tena. Nimeogopa sana."

Gadiel aliinamisha kichwa, akaenda kumchemshia maji.

Elinipa aliacha dawa siku chache kama alivyoagizwa, kisha akarudi kwenye kidonge kimoja, kwa maji, chai baadaye kabisa. Vidonge alivihamishia kwenye mkoba wake. Damu ilipopimwa tena ilikuwa sawa, na uchovu wake ukawa ule wa jioni kama wa watu wote.

Gadiel aliyapokea majibu kwa unyenyekevu wake wa kawaida. Sokoni alieleza kwamba yeye na Daktari Bhavna walishauriana kwa kina, na hatimaye wakakubaliana.