Nguzo ya Alhamisi

Jumamosi, watoto walipomaliza kufagia darasa, Mwalimu Wilujeng alichora mistari miwili ubaoni akawaambia leo ni grafu ya mchele wa jimpitan. Kila nyumba pale kijijini hutundika kopo mlangoni na kutia mchele kidogo; usiku walinzi wa zamu huukusanya, na vikongwe wasio na mtu hupikiwa. Watoto walikuwa wameshapita kwenye kibanda cha walinzi kuuliza kila zamu ilileta vibaba vingapi. Wakapaka nguzo kwa chaki, siku baada ya siku.

Nguzo ya Alhamisi haikupanda. Ilishuka chini ya mstari, ikateremka ukutani, ikatoka mlangoni.

"Mwalimu, hii imetoroka," alisema Ngatini.

"Grafu husomwa mpaka mwisho," Wilujeng alijibu. "Twendeni."

Alhamisi ilikuwa zamu ya mumewe, Parjo. Wilujeng hakutaka aaibike mbele ya wenzake kwa kuleta kidogo, kwa hiyo kila Alhamisi alikuwa akilijaza kopo lao mpaka mchele ufanye kichuguu. Parjo akirudi alfajiri alikuta kahawa ya moto.

Waliifuata nguzo kandokando ya majaruba, wakaruka mfereji. Ilipita nyumbani kwa mwalimu bila kusimama. Ikaishia jikoni kwa Lasmini, mshona nguo, kwenye mtungi wa mchele uliojaa pomoni. Kandambili za Parjo zilikuwa mlangoni.

"Haya, grafu inatuambia nini?" aliuliza Wilujeng.

"Alhamisi watu wanatoa kidogo," alisema mtoto mmoja.

"We zuzu! Wanatoa sana," Ngatini alimkata kauli, "ila mchele unakuja huku."

"Vyema, Ngatini."

Kumbe alikuwa akimlisha mwanamke mwenziwe kwa mkono wake mwenyewe! Kikulacho ki nguoni mwako, na hata nguo aliyovaa siku hiyo ilishonwa na Lasmini.

Mvua haikuifuta ile chaki. Kuku wakazoea kuparura juu yake, na watu wakawa wanairuka wakienda shambani. Mkuu wa kijiji alisema iachwe, ni kazi ya watoto. Zamu ya Alhamisi ikabaki ya Parjo.

Alhamisi iliyofuata Wilujeng alitia mchele koponi, kisha akausawazisha kwa kidole. Alfajiri Parjo aliingia, akaketi, akapiga funda la kahawa iliyopoa.

"Watu wa siku hizi wachoyo kweli, mke wangu," alisema.