Mawe Mawili ya Mteremkoni

Asubuhi ile niliyanyunyizia maziwa magurudumu yote ya gari, kuiombea safari heri, kama tufanyavyo kila mtu akisafiri, kisha nikakaa mbele kando ya mwanangu Otgonbileg. Dada yangu Handsuren alikuwa mahututi ng'ambo ya mlima. Bintiye alikuwa amepiga simu: "Anakuulizia wewe tu. Njooni haraka."

Kileleni tulilizunguka rundo la mawe matakatifu mara tatu, kila mmoja akaongeza jiwe lake, tukaanza kuteremka. Hatujafika mbali, tairi la mbele likapasuka. Gari likavutwa upande wa bondeni.

"Usikanyage breki, mwanangu!"

"Sikanyagi, Mama. Niache nilishike."

Aliachia kanyagio la mafuta, akaushika usukani kwa nguvu kwa mikono miwili, akaliacha gari lipungue mwendo lenyewe mpaka likasimama pembeni. Alinishusha kwanza, akanikalisha upande wa juu, mbali na barabara, akanifunika koti lake. Kisha akaenda kuifunga skafu yangu nyekundu kwenye kijiti nyuma ya kona, ili anayeshuka aione. Baridi yote ile, naye amebaki na shati.

Breki ya mkono ilikuwa mbovu tangu zamani.

"Tafuta mawe uzuie magurudumu," nikamwambia.

Akatazama huku na huku. Theluji na nyasi zilizoganda, basi. Mawe ya pale wapita njia walikwisha kuyaokota yote wakayapeleka kileleni, sisi tukiwa miongoni mwao.

"Yako kule juu, Mama."

"Yale hayaguswi."

"Najua hayaguswi. Nitaacha gari kwenye gia. Mama mkubwa anangoja."

Alilegeza nati gurudumu likiwa bado chini, akapiga jeki, akalitoa. Hapo gari likalia, likateleza, likaanguka kutoka kwenye jeki. Aliwahi kuutoa mkono wake, ikibaki nafasi ya kidole tu. Jeki ilipinda chini ya tumbo la gari.

Tukakaa. Kila upepo ulipovuma nilidhani ni lori. Jua likapanda, likaanza kushuka. Mwishowe likaja lori lililobeba sufu, likaiona skafu, likapunguza mwendo. Dereva, mtu mnene aitwaye Dashzeveg, akashuka akicheka.

"We kijana, mbona umelilaza gari kifudifudi? Limelewa?"

"Lilinitoroka, kaka."

"Ungelifunga kamba kama mbuzi! Mawe huna?"

Otgonbileg akaonyesha kileleni kwa kidevu. Dashzeveg akaacha kucheka.

"Hata mimi nisingeyachukua," akasema taratibu.

Alileta vigogo viwili, akavigongomea mbele ya magurudumu ya nyuma. Alipoliinua gari kwa jeki yake, alisukuma lile tairi bovu chini ya gari, ili likianguka lisifike chini. Wakavalisha tairi la akiba, nati wakazikaza kwa kupishana, wakalishusha gari, wakazikaza tena. Kisha akanimiminia chai ya chumvi, akakishika kikombe pamoja nami mpaka nikaimaliza.

Tulipofika, Handsuren alikuwa amekwisha kufunikwa uso.

"Kila gari likinguruma alikuwa anauliza, 'Ndiye?'" bintiye akaniambia. "Mpaka mchana."

Otgonbileg alitoka nje. Giza lilipoingia nilimpelekea koti lake, nikasimama naye.

Baada ya mazishi alishuka mtoni, akachagua mawe mawili makubwa, akayapakia. Nilidhani ni ya kileleni. Lakini kabla hatujafika kileleni, pale tairi lilipopasukia, alisimamisha gari, akayaweka kando ya barabara.

"Watu watayaokota wayapeleke juu," nikamwambia.

"Nitaleta mengine, Mama."

Akachukua spana, akazijaribu nati moja moja, tukaendelea kupanda.