Aliyepewa Kamba

Asubuhi ya Alhamisi, Emérance alikuwa anamwosha Padri miguu kwa mpira wa maji baridi, redio ya Wameksiko inaimba banda la pili, pale daktari wa farasi alipofika na sindano yake. Akamdunga goti la mbele la kushoto. Padri, farasi mweusi mwenye doa jeupe shingoni kama kola ya kasisi, akashusha pumzi. Emérance akajishika goti lake la kushoto. Maumivu yalikuwa yameshahamia.

Ndivyo ilivyokuwa kazi ya kutunza farasi kwenye uwanja ule wa mbio nje ya Dallas. Dawa ilimtoa farasi maumivu, na maumivu, kwa vile hayawezi kukaa hewani, yalimwingia mtu aliyepewa kamba ya farasi huyo. Bosi alimweleza siku ya kwanza kabisa, pamoja na mahali pa kupaki gari na choo kilipo.

Ila safari hii haukuwa uvimbe wa kawaida. Kila akikanyaga alisikia ufa chini ya goti, mwembamba kama unywele.

"Bosi, huyu akikimbia Jumamosi atavunjika."

Bosi akainama, akambonyeza goti Emérance. Hakumtazama farasi. "Inauma sana?"

"Sana."

"Basi dawa imefanya kazi."

Nyumbani, mtaa wa Vickery Meadow, mumewe Godefroid alimkanda kwa maji ya moto na chumvi.

"Mama Liliane, achana na hao farasi. Njoo kwetu warehouse, maboksi hayaumwi."

"Nisipoishika kamba, maumivu yatamrudia mwenyewe," alisema Emérance. "Atachechemea. Daktari wa serikali akimwona anachechemea, hakimbii."

Godefroid akafikiria. "Basi usiishike."

Jumamosi Emérance alienda kazini, lakini hakushuka kwenye gari. Alifunga milango, akasubiri. Goti likaanza kupoa, taratibu, mpaka likawa goti tu. Akatabasamu. Kisha akamwona Elkana, yule Mkenya wa banda la pili, anatoka na kamba ya Padri mkononi, anaburuta mguu wa kushoto. Wa kulia alikuwa anauburuta tangu zamani, kwa ajili ya farasi wake mwenyewe. Padri alikuwa anatembea vizuri kabisa.

Emérance akashuka.

"Lete kamba."

"Rudi kwa gari, Mama Liliane. Mzigo wa mwenzio si ni kanda la usufi?" Elkana alijaribu kucheka, jasho linamtiririka.

"Utapandaje ngazi za kwako na miguu miwili mibovu? Lete."

Akampa.

Daktari wa serikali akasema farasi akimbizwe kidogo. Padri alikimbia amenyooka, Emérance akirukaruka pembeni kwa mguu mmoja.

"Mzima," alisema daktari. "Pole na mguu, mama."

Kwenye kona ya mwisho ya mbio, mfupa ulilia ndani ya mguu wa Emérance, akaanguka pale pale kando ya uzio wa uwanja. Padri hakusikia kitu. Alimaliza wa pili, kwato ya mbele inaning'inia, akasimama kushangaa kwa nini hasimami sawa. Wafanyakazi wakaleta lile pazia la kijani la kuwakinga watazamaji wasione farasi aliyevunjika, na watazamaji wakarudia bia zao. Emérance alitambaa mpaka nyuma ya pazia. Padri akamnusa mfukoni, anatafuta karoti. Daktari wa farasi akamdunga sindano ya mwisho, na Padri akakata roho.

Maumivu yakamtoka Emérance yote kwa pamoja. Akasimama, mzima.

"Umepona," alisema bosi. "Safi."

Jumapili kanisani alipiga magoti kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Scholastique wa kwaya akamgusa bega.

"Mungu mkubwa, dada. Si nilikwambia nakuombea?"

"Ulinambia."

Simu ikatetemeka kwenye pochi. Alikuwa bosi: kesho anakuja farasi jike, bado mtoto, goti la kulia linamsumbua, je, atakuja? Emérance akaandika ndiyo.

Watu wote wakaketi. Yeye alibaki amepiga magoti, yote mawili, kwa sababu leo aliweza.