Kadi Saba za Johana

Johana Chepyegon alikuwa na kadi saba za chama tawala, kazifunga kwa kitambaa na kuzitia ndani ya mkebe wa majani ya chai juu ya kabati. Wengi huko Mogogosiek walinunua kadi kwa sababu vijana wa chama walisimama langoni mwa soko, na asiyekuwa nayo alirudi nyumbani mikono mitupu. Johana alinunua kwa moyo wake wote. Mwaka wa themanini na nane, watu walipopiga kura ya mchujo kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea, kadi hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye mstari. Jambo hilo halikumtoka kichwani, na ndilo lililomponza.

Mwaka wa tisini na mbili vyama vikawa vingi. Kimutai, mwalimu mstaafu aliyetahiriwa pamoja na Johana na kukaa naye kibanda kimoja jandoni, akagombea udiwani kwa chama cha upinzani. Alimkuta Johana shambani akichuma chai.

"Wewe sikuombi kura," alisema. "Wewe nakuhesabu tu."

Tangu siku hiyo Johana hakuona utamu wa chakula. Mwenye kadi ya chama hiki ataruhusiwaje kumpigia mtu wa chama kile? Si ni kula kiapo na kukigeuka? Alimuuliza mzee wa kanisa, akaambiwa aombe. Alimuuliza karani wa kupima majani, akaambiwa aondoe kikapu chake apishe wengine. Alikuwa mtu wa kubeba mambo kwa uzito, hata yale yasiyo na uzito.

Mkewe Rodah hakuwa na kadi ya chama chochote. Miezi kadhaa nyuma, akitoka kupeleka maziwa, alipita shule ya msingi na kitambulisho chake akajiandikisha kupiga kura. Johana alimcheka sana.

"Utapiga kura kama nani? Huna hata chama!"

"Wameandika jina langu," Rodah alisema. "Chama hawakuuliza."

Siku mbili kabla ya uchaguzi, Johana akakata shauri. Kadi ni karatasi; Kimutai ni ndugu. Akala ugali wake wote siku hiyo.

Kituoni, Rodah alitangulia. Zamu ya Johana ilipofika, karani wa uchaguzi alimwomba kadi ya kura, naye akamkabidhi zote saba kwa heshima.

"Mzee, hizi ni za chama. Hapa hatuulizi mtu chama. Ulijiandikisha?"

"Mimi niko kwa chama tangu sabini na tano!"

"Lakini jina yako haiko kwa rejista, mzee. Pole."

Waliosimama nyuma yake walicheka. Rodah hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi. Wakirudi nyumbani, walipofika darajani, Rodah alimgeukia.

"Nimempa Kimutai," alisema. "Wiki hizo zote umeuliza kila mtu. Mimi hukuniuliza."

Kimutai alishindwa vibaya. Kituo kile kilimpa kura tisa tu. Wiki iliyofuata alikuja kushukuru, akaketi, Rodah akammiminia chai.

"Kura tisa," alisema. "Nane bado nawatafuta wenyewe. Moja naijua, ni yako."

Johana angeweza kunyamaza. Rodah hakumtazama hata kidogo. Alikuwa akimimina kikombe cha pili.

"Hiyo ilikuwa ya Rodah," Johana alisema.

"Na yako?"

Johana akainuka, akautoa mkebe juu ya kabati, akauweka mezani. Kimutai akaufungua, akazisoma kadi moja moja, miaka yake yote, akaufunga tena. Kisha akageuza kiti chake kumwelekea Rodah.

"Asante sana, mama," alisema, na maneno yake yote yaliyobaki siku hiyo alimwambia yeye.