Mstari Mmoja wa Mkuu

Karani wa masjala alikuwa ameshaaga watu arobaini na moja kwa kalamu yake. Kila aliyestaafu ofisini pale, awe mhasibu awe dereva, hotuba ya kumuaga aliiandika yeye, mkuu akaisoma kwa sauti nzito na watu wakafuta machozi. Wote walikuwa wachapakazi. Wote waliacha pengo lisilozibika, hata yule mtunza stoo aliyekuwa akisinzia kuanzia saa tatu asubuhi. Wenzake wakambandika karani jina la Bwana Pengo. Mkuu walimwita Kinywa cha Dhahabu, na dhahabu yenyewe ilichimbwa masjala.

Sasa zamu ya kustaafu ilikuwa ya karani mwenyewe. Mkuu alimwita na kumwambia, bila haya wala soni, aandae hotuba kama kawaida, ila safari hii isizidi ukurasa mmoja kwa sababu ana kikao.

Nyumbani mkewe alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Akasema kwa miaka thelathini mumewe amewasemea watu wazima na akili zao. Siku yake ikifika, nani atakuwa na la kusema?

"Mkuu ananijua," mume akajibu. "Neno langu analo."

"Moja tu," mke akasema. "Nikilisikia, nitakuomba radhi."

Maneno yale yalimchoma, maana wasiwasi huo alikuwa nao mwenyewe. Sifa za kujitungia zilikuwa zimemkinaisha. Alitamani kusikia neno moja, hata dogo, ambalo hakuliandika yeye. Basi akajaza ukurasa wake, uchapakazi na pengo vikiwa mahali pake, na mwishoni akaandika kwa herufi ndogo: Hapa mkuu aseme neno lake mwenyewe kuhusu mstaafu.

Siku ya kuagana ukumbi wa mikutano ulijaa. Mkewe alikaa safu ya mbele, mikono mapajani, akisubiri. Mkuu alisoma vizuri kuliko siku zote, akipandisha na kushusha sauti, akatua penye vituo. Pengo lilipigiwa makofi. Kisha, kwa sauti ile ile, akasoma: "Hapa mkuu aseme neno lake mwenyewe kuhusu mstaafu."

Akageuza karatasi; nyuma hakukuwa na kitu. Karani alikuwa amekaa kando yake. Mkuu alimtazama juu mpaka chini, kwa dhati kabisa, kama mtu anayetafuta miwani yake. Halafu akamwinamia kidogo, kama alivyozoea kila neno lilipompotea kikaoni, akatega sikio.

Miaka thelathini si mchezo. Kabla karani hajajizuia, midomo ilikuwa imeshafanya kazi yake.

"Makini," alinong'ona.

"Makini," mkuu akatangaza, akigonga meza. "Huyu bwana alikuwa mtu makini."

Watu wakasimama kupiga makofi. Mkuu mwenyewe alipangusa jicho, akatoka kuwahi kikao chake.

Njiani mkewe alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Akamwomba radhi kama alivyoahidi. Alisema mengine yote aliyatambua kuwa ya mumewe, lakini lile la mwisho lilikuwa la mkuu mwenyewe, tena alilitafuta mpaka akalipata.

"Hata mimi sikulitarajia," karani akajibu, na hapo hakusema uongo.