Tenga la Kasian

Msinione nimekaa kimya hapa jikoni mkadhani sina la kusema juu ya kuku. Kuku nusura wanikoseshe mume. Tena hata hawakuwa kuku wangu, walikuwa kuku wa watu, na mwenye kosa ni mume mwenyewe, Kasian, anayejifanya anasikiliza redio hapo nje wakati masikio yake yote yako huku.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, lami ya kwenda Mbeya bado inang'aa. Sisi tulikaa Ipogolo, pale malori yanaposimama madereva wapate kula. Kasian alikuwa utingo wa lori la mahindi. Alikuwa na suruali ya bugaluu iliyofagia barabara, viatu vya raizoni vilivyomfanya ainame mlangoni hata pasipo na haja, na shati lenye kola kubwa kama masikio ya mbuzi. Mama alisema kijana ni mzuri ila amevaa vibaya. Baba yangu, Mzee Didas, alisema amevaa vizuri ila hafai. Mimi nilimpenda na nguo zake na kutofaa kwake, na hilo sitaki mnicheke.

Sasa kwetu, kijana akikaribia kuoa hupita nyumba kwa nyumba kuomba kuku wa mbegu. Unampa tetea, anakwenda kumfuga, na akishatotoa anakurudishia tetea na kifaranga kimoja cha shukrani. Hakuna anayekataa, maana kumnyima ni kama kuiombea ndoa yake mabaya. Hakuna pia anayeuliza kuku wenyewe wanalala wapi. Hapo ndipo Kasian alipoona mwanya.

Siku moja alirudi kutoka Mbeya amevimba kwa habari.

"Evarista, kideri kimeingia Mbeya. Kule mtaa wa Soweto kuku wanalala miguu juu. Kinakuja na barabara hii hii. Kikikaribia hapa, kila mtu atauza kuku wake kwa bei ya mchicha kabla hawajamfia."

"Sasa wewe unafurahi nini?"

"Naomba kuku leo, bado ghali. Nawauza. Kideri kikikaribia nanunua wengine kwa bei ya mchicha, nawarudishia wenyewe. Kuku ni kuku. Kinachobaki tunanunulia kitanda."

"Na kideri kisipofika?"

"Kitafika."

"Yaani unaombea kuku wa watu wafe?"

"Siombei," akasema. "Nategemea tu."

Nilimwambia huo ni wazimu. Lakini kitanda alichokitaja kilikuwa na sponji, nami nilikuwa nimelalia ngozi ya ng'ombe tangu kuzaliwa, kwa hiyo nilisema wazimu kwa sauti ya chini.

Basi akaanza. Wala hakuuza kuku mmojammoja. Alikusanya wale wadogowadogo ambao peke yao hakuna anayewatazama: tetea mwembamba, jogoo asiyejua kuwika, mwingine anayechechemea. Akawachanganya kwenye tenga moja, akafunga kamba juu, akauza tenga zima. Mnunuzi hachagui. Ukimuuliza Kasian mbona huyu amekonda, anakujibu, "Mama, hununui huyu, unanunua tenga. Akikonda huyu, mwenzake atanenepa." Watu wakalipenda tenga la Kasian. Matenga mengine yakapanda malori yakaenda zake, mengine yakanunuliwa hapo hapo Ipogolo na majirani wale wale waliomkopesha.

Na hapo ndipo alipoharibu. Mama yangu alikuwa na tetea anaitwa Kishingo, shingo tupu kama ametoka kwa kinyozi asiye na huruma. Kasian alimwomba kwa mama, akamtia tengani, akamuuzia Yotamu fundi baiskeli. Baadaye akapita kwa Yotamu kuomba kuku wa mbegu, na Yotamu akamtolea Kishingo. Mtu mwenye akili angeshtuka. Kasian akashukuru. Akamuuzia Paskalina muuza maandazi. Akarudi kwa Paskalina kuomba kuku wa mbegu, na Paskalina naye akamtoa Kishingo huyo huyo. Mwishowe alinunuliwa na baba yangu kwenye kilabu cha ulanzi. Baba akamfungia stoo ya mahindi kimyakimya, awe mboga ya wageni wa posa. Hakumtambua, kwa sababu kwa baba kuku huanza kuwapo akishafika kwenye sahani.

Mnaona? Kuku mmoja, na watu watatu wanamngoja arudi nyumbani. Na si Kishingo peke yake. Siku moja nilikaa kizingitini nikawaza nani amemkopesha nani, kichwa kikaniuma. Kuku ambao Kasian alipaswa kuwarudisha walikuwa wengi kuliko kuku waliokuwa hai Ipogolo nzima.

Nikamwambia. Akacheka. "Wewe subiri kideri," akasema.

Kideri hakikuja. Kilikaa Mbeya kikala kuku wa Mbeya wote, kikashiba, kikaishia huko. Lakini watu wa Mbeya hawakuacha kula kuku. Wakapanda malori, wakaja kununua kwetu. Mama mmoja wa Kinyakyusa, anaitwa Alinanuswe, alishuka na matenga matupu akakaa kando ya lami, akawa hata haulizi bei, anauliza tu, "Wapo?" Bei ikapanda asubuhi, ikapanda mchana. Tetea aliyekuwa hatazamwi akaanza kutazamwa kama bibi harusi.

Ipogolo nzima ikakumbuka kuku wake kwa wakati mmoja.

Wakaanza kuja kwa Kasian. Anayekuja na salamu, "kamwene," halafu anakaa. Anayekuja bila salamu. Kasian akatoka mbio kutafuta kuku wa kununua, na kila alipobisha hodi kuuliza kama wapo, mwenye nyumba alijua kuna mtu mwingine tena anayetaka, akapandisha bei. Alikuwa anajipandishia bei mwenyewe kwa miguu yake. Kile cha kununulia kitanda kikaisha. Redio ya kwanza ikaenda. Mbuzi wa mahari akaenda. Alirudisha wa huyu, akarudisha wa yule, mpaka wakabaki watatu tu wasiorudishiwa: Paskalina, Yotamu na mama yangu. Na kuku wa kununuliwa aliyebaki Ipogolo alikuwa mmoja, naye alikuwa anataga kwenye stoo ya baba.

Baba akatuita wote wawili.

"Wageni wako ni Jumapili," alimwambia Kasian. "Mimi simpi binti mtu anayetembea na kuku wa watu kichwani. Kabla ya Jumapili kila kuku arudi kwa mwenyewe. La sivyo ubaki na lori lako."

Mimi sikulala kwa hasira, halafu sikulala kwa huzuni. Nilimtaka mjinga huyu. Asubuhi nikamfuata kijiweni kwake, amekaa juu ya tairi anatazama raizoni zake.

"Simama," nikamwambia. "Kuku mmoja anatosha."

"Wanadai watatu."

"Wanamdai Kishingo. Wote watatu. Twende."

Tukaanza kwa baba. Kasian akasema anataka kumnunua yule tetea wa stoo. Baba, ambaye alijua vizuri kwamba hakuna mwingine, akajikuna kidevu. Akamtazama Kasian kuanzia chini.

"Bugaluu," akasema.

"Baba!" nikasema.

"Nyamaza. Bugaluu, au kuku anabaki."

Kasian akaingia nyuma ya stoo, akatoka amejifunga kanga yangu, na Kishingo mkononi. Tukampeleka kwa Paskalina. Paskalina akampokea, akamshika kifua, akaridhika. Hapo hapo Kasian akamwomba amuuzie. Paskalina akatazama kanga, akatazama viatu.

"Hizo raizoni zinanitosha," akasema. Kwa hiyo Kishingo akatoka tena, na Kasian akapungua urefu hata nikamkosa kidogo pembeni yangu.

Tukafika kwa Yotamu. Yotamu alikuwa amelala chini ya baiskeli. Akampokea kuku wake bila kusimama. Kasian akasema anamnunua. Yotamu akanyoosha mkono wenye grisi akashika kola ya shati. Kasian akalivua.

Basi tukarudi kwetu katikati ya Ipogolo, mchana kweupe, mchumba wangu kifua wazi na kanga ya maua kiunoni, amembeba kuku asiye na manyoya shingoni, nikawa sijui nani kati yao amenyonyoka zaidi. Madereva wakapiga honi. Alinanuswe akaacha matenga yake akatufuata akiuliza bei. Kasian hakumjibu, na kwa hilo nilimsamehe nusu. Mama akampokea Kishingo wake mlangoni. Vifaranga vya shukrani hakuna aliyevidai, kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka.

Jumapili wakaja. Kasian alikuja na mjomba wake, amevaa kaptula ya kaki ya kuazima. Baba alikaa kwenye kiti chake amevaa bugaluu iliyombana tumbo hata akawa anapumua kwa zamu. Paskalina alipita kusaidia jikoni juu ya raizoni, ameshika ukuta. Yotamu aliketi kona amevaa lile shati, kola zimemfikia masikioni. Kasian wangu alikuwa ametapakaa chumba kizima, isipokuwa hapo alipokaa yeye.

Nikaitwa. Baba akauliza kama inavyoulizwa, "Evarista, unamjua huyu kijana?"

Nikamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa anavuta kaptula ifike magotini, na haikufika. Sikuwahi kumpenda mtu namna ile, na sikuwahi kutaka kumpiga mtu namna ile.

"Namjua," nikasema. "Namjua kuliko mlivyouliza."

Wakapiga vigelegele. Tulikula maharage, kwa sababu mama alikataa Kishingo achinjwe. Badala yake alimleta mzima, amefungwa miguu kwa utepe, akamwekea Kasian mapajani.

"Mwanangu, huyu si wa kukopa," akasema. "Huyu ni wenu. Humrudishi kwa mtu."

Kasian akataka kulia, nami pia. Akamkumbatia Kishingo, akafuta uso. Huko nje lori la Mbeya likapiga breki, na sauti ya Alinanuswe ikaingia dirishani, "Wapo?"

Kasian akainua kichwa. Akatazama dirisha. Akamtazama kuku. Akanitazama mimi.

Nikamchukua Kishingo mapajani mwake, na tangu siku ile kuku wa nyumba hii nawashika mimi.